Nairobi, Sudan na Gharama ya Kuwa Mwenyeji

Tarehe 18 Februari 2025, KICC, ukumbi wa mikutano ya kimataifa wa Nairobi, ulijaa wajumbe waliokuja kutangaza kwamba wangeunda serikali ya nchi nyingine. Walikuwa viongozi wa Vikosi vya Msaada wa Haraka, RSF, ambavyo vimekuwa vikipigana na jeshi la Sudan tangu tarehe 15 Aprili 2023, pamoja na wanasiasa na makundi yenye silaha yaliyoamua kuungana nao, likiwemo lile la Abdelaziz al-Hilu kutoka milima ya Nuba. Kiongozi wao mkuu, Mohamed Hamdan Dagalo, anayejulikana zaidi kama Hemedti, hakuwepo. Alikuwepo ndugu yake na naibu wake, Abdelrahim Dagalo, ambaye Marekani ilikuwa imemwekea vikwazo tangu Septemba 2023. Siku nne baadaye, usiku wa tarehe 22, hati ya kuanzisha serikali sambamba ikatiwa saini katika kikao cha faragha hapa hapa Nairobi.

Muda mrefu umepita tangu siku hizo, na wengi wetu tumeshalisahau jambo lenyewe, kwa kuwa mji huu haupungukiwi na habari. Mimi nimeshindwa kulisahau, na kadiri ninavyoyafuatilia yaliyofuata ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wiki ile serikali yetu iliitoa kwa bei rahisi amana ambayo Kenya ilichukua miongo kadhaa kuijenga. Amana hiyo ni imani ya mahasimu wa nchi jirani kwamba wakija Nairobi watakuta mwenyeji asiyekuwa na mchezaji wake uwanjani.

Serikali ilijitetea, na utetezi wake haukuwa wa kipuuzi. Mkuu wa Mawaziri, Musalia Mudavadi, ambaye pia ndiye anayeshikilia mashauri ya kigeni, alieleza kwamba Kenya imezoea kuwapa watu wa nchi zenye vita mahali pa kukutania, kwamba haina nia ya kuipendelea pande yoyote, na kwamba mkutano ule ulikuwa sehemu ya kutafuta suluhu. Wako pia waliosema kwamba mpatanishi asiyezungumza na waasi hana kazi, kwa sababu vita havimalizwi na wale wanaopendana. Hoja hii ya pili naikubali kikamilifu. Tatizo langu ni kwamba haihusiani na kilichotokea, na ili kulionyesha hilo inafaa kurudi nyuma kidogo, kwenye historia ile ile ambayo serikali iliitumia kama ngao.

Historia yetu ya upatanishi haikuanza kwa sifa. Desemba 1985, Rais Moi aliwasimamia Tito Okello na Yoweri Museveni wakatia saini mkataba wa amani hapa Nairobi, na mwezi uliofuata, tarehe 26 Januari 1986, wapiganaji wa Museveni wakaiteka Kampala kana kwamba wino haukuwahi kumwagika. Juhudi za Moi na Robert Mugabe kuhusu Msumbiji mwaka 1989 zilifungua njia, lakini mkataba wenyewe ulikuja kusainiwa Roma mwaka 1992. Jina la Kenya lilipatikana kwa kweli katika suala la Sudan, kupitia IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, na hasa kwa kazi ya Jenerali Lazaro Sumbeiywo.

Sumbeiywo alipewa jukumu hilo mwaka 2001. Tarehe 20 Julai 2002, serikali ya Khartoum na waasi wa kusini wa SPLM, walioongozwa na John Garang, walitia saini Itifaki ya Machakos, iliyokubali kwamba watu wa kusini wangepiga kura ya kujiamulia mustakabali wao baada ya kipindi cha mpito cha miaka sita. Mwaka mmoja baadaye mazungumzo nusura yavunjike, pale wapatanishi walipotoa rasimu ya Nakuru na Rais Omar al-Bashir akaikataa kwa hasira kubwa, akiona kwamba inawapendelea wapinzani wake. Sumbeiywo na wenzake hawakwenda kutafuta kundi la kulishangilia. Walisubiri, wakabembeleza, na kufikia Septemba 2003 makamu wa rais Ali Osman Taha na John Garang walikuwa wameketi ana kwa ana Naivasha, wakaendelea kuketi kwa miezi mingi, wakibishana juu ya mafuta, majeshi, eneo la mpakani la Abyei na mengineyo. Mkataba wa jumla ulitiwa saini katika uwanja wa Nyayo tarehe 9 Januari 2005. Garang alifariki katika ajali ya helikopta mwezi wa Julai mwaka huo huo, lakini mkataba haukufa pamoja naye. Kura ya maoni ilifanyika Januari 2011 na Sudan Kusini ikawa nchi huru tarehe 9 Julai.

Hapa yupo msomaji makini atakayenikatiza, na ana haki. Atasema kwamba Kenya ya miaka ile haikuwa safi kama ninavyoichora. SPLM walikuwa na ofisi zao Nairobi, familia za makamanda wao ziliishi mitaani mwetu na watoto wao walisoma shule zetu, na misaada ya Sudan Kusini ilipitia Lokichoggio tangu mwaka 1989. Khartoum iliyajua yote hayo. Basi kama Bashir aliweza kukubali upatanishi wa mji uliowalea maadui zake, kwa nini Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan, anune kwa sababu ya kukodishwa ukumbi?

Jibu langu ni kwamba Khartoum haikudai Kenya isiwe na marafiki upande wa kusini. Ilichokuwa nacho ni uhakika kwamba chochote kitakachotangazwa katika ardhi ya Kenya kitakuwa kimepitia mezani ambako na wao wamekaa. Garang hakuwahi kupewa KICC ajitangaze rais wa Sudan mpya huku wajumbe wa serikali wakitazama kwenye televisheni. Mpatanishi anaruhusiwa kuwa na mapenzi yake, maana ni binadamu, na nchi ina maslahi yake. Kisichoruhusiwa ni kuugeuza uwanja wa mazungumzo kuwa jukwaa la ushindi wa mmoja. Hiyo ndiyo tofauti, na si tofauti ya kisheria tu ambayo mwanadiplomasia anaweza kuizungushia maneno mazuri.

Mfano wa Somalia ni mgumu zaidi, na nimeshangaa kwamba watetezi wa serikali hawakuutumia. Serikali ya nchi nyingine iliwahi kweli kuundwa Nairobi: tarehe 10 Oktoba 2004, wabunge wa Somalia walikutana Kasarani wakamchagua Abdullahi Yusuf kuwa rais, na serikali yake ikabaki hapa kwa miezi kadhaa kabla ya kurudi nyumbani. Ukiitazama picha peke yake utasema ni jambo lile lile. Lakini uchaguzi ule ulikuja baada ya mazungumzo ya miaka miwili, yaliyoanzia Eldoret Oktoba 2002 na kuhamia Mbagathi, chini ya uenyekiti wa balozi Bethuel Kiplagat kwa sehemu kubwa, ambako wababe wa vita, wazee wa koo na hata serikali ya mpito iliyotokana na mkutano wa awali wa Arta, Djibouti, walikuwa na viti. Ilikuwa serikali dhaifu, na baadaye ilihitaji majeshi ya kigeni ili isimame, ila haikuzaliwa kama silaha ya kundi moja dhidi ya lingine lililokuwa nje ya mlango. Kilichofanyika Februari 2025 ni mpiganaji mmoja kati ya wawili, akiwa bado vitani, kuandika hati ya serikali yake katika mji wa mpatanishi.

Na Kenya ilikuwa mpatanishi rasmi, hilo lisisahaulike. Juni 2023, mkutano wa IGAD nchini Djibouti ulimteua Rais William Ruto kuongoza kundi la nchi nne la kushughulikia vita vya Sudan. Upande wa Burhan ulimkataa tangu mwanzo, ukidai kwamba ana ukaribu na RSF. Wakati huo nilidhani madai hayo ni visingizio vya jeshi lisilotaka kuzungumza, na huenda kwa sehemu ndivyo yalivyokuwa. Burhan mwenyewe alikuja Nairobi Novemba 2023 akapokelewa vizuri. Lakini Januari 2024 Hemedti akapokelewa Ikulu kwa heshima ya mkuu wa nchi, na Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, kisha ikajiondoa katika shughuli za IGAD. Mtu aliyeshutumiwa kwa upendeleo ana njia nyingi za kuukanusha. Kuwapa ukumbi wale wale anaotuhumiwa kuwapenda si mojawapo.

Lingekuwa tukio moja ningelihesabu kuwa ni uzembe wa watumishi wa wizara. Kwa bahati mbaya lilikuwa na mtangulizi. Desemba 2023, Corneille Nangaa, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa tume ya uchaguzi ya Kongo, alizindua muungano wake wa AFC katika hoteli moja ya Nairobi akiwa kando yake na viongozi wa M23, waasi wa mashariki mwa Kongo. Kinshasa ilipolalamika na kumwita balozi wake, jibu la serikali yetu lilikuwa kwamba Kenya ni nchi ya kidemokrasia na haimkamati mtu kwa kutoa taarifa. Jibu lenye kupendeza, ila halikupatana na ukweli kwamba ni Kenya hiyo hiyo iliyokuwa imeanzisha Mchakato wa Nairobi, yaani mazungumzo ya amani ya Kongo, mwaka 2022, chini ya Rais mstaafu Uhuru Kenyatta, na iliyokuwa imetuma wanajeshi wake Goma katika kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kikosi hicho kiliondoka Kongo mwezi ule ule wa Desemba kwa kuwa Kinshasa haikutaka kukiongezea muda. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, waandamanaji wenye hasira jijini Kinshasa walizishambulia balozi kadhaa, na wa Kenya ulikuwa miongoni mwao. Wiki tatu tu baada ya hapo ndipo RSF walipofunguliwa milango ya KICC.

Na hoja ya demokrasia ina tundu jingine. Novemba 2024, Kizza Besigye, mpinzani wa miaka mingi wa Museveni, alitekwa hapa Nairobi na kuibuka Kampala mbele ya mahakama ya kijeshi. Mji ambao hauwezi kumzuia mgeni mwenye silaha kutoa taarifa, lakini hauwezi pia kumlinda mgeni asiyekuwa na silaha dhidi ya watekaji, una tatizo ambalo halitatuliwi kwa hotuba juu ya uhuru wa kujieleza.

Ukiuliza sababu, watu wengi mjini watakujibu kwa neno moja: Dubai. Ni kweli kwamba tarehe 14 Januari 2025 Kenya ilitia saini mkataba mpana wa kibiashara na Falme za Kiarabu, na ni kweli kwamba serikali yetu ilikuwa ikitafuta mikopo huko wakati masoko mengine yakiwa ghali. Serikali ya Sudan inazituhumu Falme hizo kwa kuwapa RSF silaha, na ilizishtaki katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo iliitupilia mbali kesi hiyo Mei 2025 kwa kuwa haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza; Falme zenyewe zimekanusha siku zote. Sina ushahidi kwamba mkopo ulibadilishwa kwa ukumbi, na sitadai hivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba serikali iliyo katika hali hiyo ilipaswa kujihadhari maradufu, kwa sababu kila mtu angeunganisha vitu hivyo viwili hata kama havina uhusiano.

Wala sina haja ya kuwapamba wapinzani wa RSF. Jeshi la Burhan ndilo lililoshirikiana na Hemedti kuipindua serikali ya kiraia Oktoba 2021, limedondosha mabomu sokoni na mitaani, na Marekani ilimwekea Burhan mwenyewe vikwazo tarehe 16 Januari 2025. Siku tisa kabla ya hapo, Marekani hiyo hiyo ilikuwa imetangaza kwamba RSF na wanamgambo wanaoshirikiana nao wamefanya mauaji ya kimbari Darfur. Kwa hiyo wajumbe walipowasili KICC, tuhuma hiyo ilikuwa imetangazwa wiki sita kabla. Hakuna aliyeweza kusema hakujua ni nani anayempokea.

Njia rahisi ya Mkenya kuupima uzito wa jambo hili ni kukumbuka mwaka 2008. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa baada ya uchaguzi, na Kofi Annan alikuja na Benjamin Mkapa wa Tanzania na Graça Machel wa Msumbiji, wakaketi na pande zote mbili katika hoteli ya Serena hadi mwafaka ukapatikana tarehe 28 Februari. Sasa hebu tuwaze kwamba katikati ya mazungumzo hayo, Dar es Salaam ingewapa mmoja wa mahasimu wetu ukumbi wa kimataifa, akatangaze huko baraza lake la mawaziri na katiba yake mpya, kisha serikali ya Tanzania ieleze kwamba hiyo ni desturi yake ya ukarimu. Mkapa angeingiaje tena Serena asubuhi iliyofuata? Ninadhani hata wale ambao mtu wao ndiye angepewa ukumbi wangeelewa kwamba upatanishi umekwisha.

Gharama ilikuja haraka. Sudan ilimwita tena balozi wake, na Machi 2025 ikapiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya. Sudan ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai yetu katika mnada wa Mombasa. Wasudani ni wanywaji wa chai hasa, na kabla ya vita wanawake wauza chai walikuwa kila kona ya Khartoum na vijiko vyao na vikopo vya viungo. Aliyelipa hasara si aliyesaini kibali cha ukumbi, ni mkulima wa Kericho, wa Nyamira na wa Murang'a, ambaye bonasi yake inategemea chai iuzwe. Siku tatu kabla ya mkutano wa KICC, Raila Odinga alikuwa ameshindwa na Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti katika kinyang'anyiro cha uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika. Mambo mengi yalichangia matokeo hayo na sitayaweka yote kwenye mlango wa Sudan, lakini bara lilikuwa limeshaanza kututazama kwa jicho la wasiwasi kabla ya jukwaa lile kusimamishwa.

Katika diplomasia yenyewe hasara ni kubwa kuliko ya chai, ingawa haionekani katika takwimu za mauzo. Tarehe 5 Machi 2025, wajumbe wa Baraza la Usalama walieleza wasiwasi wao mkubwa kuhusu hati ile iliyosainiwa kwetu, na Umoja wa Afrika nao ukaikataa serikali sambamba. Mazungumzo ya Sudan yalikuwa tayari yameelekea Jeddah na Geneva. Septemba 2025 waliotoa mpango wa kusitisha mapigano walikuwa Marekani, Saudi Arabia, Misri na Falme za Kiarabu. Suala la Kongo likaenda Doha na Washington. Nawasikia wenzangu wakilalamika kwamba amani ya Afrika sasa inajadiliwa katika kumbi za Ghuba, na malalamiko hayo yana msingi, kwa sababu wenye pesa na ndege za kifahari wanaweza kuwaita mahasimu wetu kama watoto wa shule. Ila nafasi hiyo hawakuipora yote. Sehemu yake tuliwaachia.

Na hati yenyewe haikubaki karatasi. Julai 2025, muungano ulioundwa hapa, unaojiita Tasis, ulitangaza serikali yake ikiwa na makao Nyala, Darfur Kusini, Hemedti akiwa mwenyekiti wa baraza la urais na Mohamed Hassan al-Ta'ishi waziri mkuu. El Fasher, mji mkubwa wa mwisho wa Darfur uliokuwa mikononi mwa jeshi, ulikuwa umezingirwa tangu Mei 2024. Tarehe 26 Oktoba 2025 RSF waliuteka, na taarifa za mauaji ya raia zilizofuata, pamoja na hospitalini, zilikuwa za kutisha hata kwa vita hivi ambavyo vimewazoeza watu vitisho. Sisemi kwamba mkutano wa Nairobi ulisababisha El Fasher. Mji ule ungeshambuliwa tu. Nasema kwamba walioushambulia walikuwa wamepata hapa kile ambacho bunduki haiwezi kukileta, yaani sura ya serikali.

Bado kuna mambo ambayo Nairobi inaweza kuyafanya vizuri. Makamanda wa Ethiopia na wa Tigray walikutana hapa Novemba 2022, siku chache baada ya mkataba wa Pretoria, wakapanga namna ya kuweka silaha chini, na kazi hiyo ilifanyika bila makeke. Mei 2024 Sumbeiywo alirudishwa kusimamia mazungumzo ya Tumaini kuhusu Sudan Kusini. Yamekwama zaidi ya mara moja, lakini angalau yalianza kwa kuwaleta pamoja serikali na makundi yaliyokuwa nje ya mkataba wa amani wa nchi hiyo wa 2018. Pia wako maelfu ya Wasudani waliokimbilia mji huu, madaktari, wahadhiri na wanaharakati wa zile kamati za mitaa zilizoiangusha serikali ya Bashir mwaka 2019, ambao wanakutana Kilimani na Hurlingham bila kuhitaji ukumbi wa taifa. Hao ndio ambao mwenyeji mwenye busara angewapa nafasi kwanza.

Kuhusu kitu gani kifanyike, sipendekezi sheria mpya, kwa sababu iliyopo haijatumika ipasavyo. Kifungu cha 132 cha Katiba kinamtaka Rais, kila mwaka, awasilishe kwa Bunge la Taifa taarifa ya maendeleo katika kutimiza wajibu wa kimataifa wa Jamhuri, ili ijadiliwe. Wajibu huo haukomei kwenye mabadiliko ya tabianchi na haki za watoto. Unahusu pia Mkataba wa IGAD na ule wa Umoja wa Afrika, ambayo Kenya iliiridhia kwa hiari yake, na ambayo inaheshimu umoja na mipaka ya nchi wanachama. Taarifa hiyo ikifika bungeni, mbunge yeyote anaweza kusimama na kuuliza ni nani aliyeidhinisha mkutano wa Februari 2025, wizara ilitoa ushauri gani kwa maandishi, ukumbi ulilipiwa na nani, na ni masharti gani yatakayowekwa kwa kundi jingine lenye silaha litakapoomba kukutana hapa. Ningeanza na wabunge wa maeneo ya chai.